Bata wa Mto Gucha Mbele ya Kamera

Maandishi ya mazungumzo kwa vijana wapiga picha na wakulima wa kandokando ya mito ya Kisii na Nyamira



Kaunti za Kisii na Nyamira hazina mbuga ya wanyamapori. Anayetaka kuona viboko huteremka hadi Ziwa Victoria, na anayetaka kuona twiga hupanda gari kwenda Ruma, kule Homa Bay, au Maasai Mara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika nchi ya vilima ambayo karibu kila kipande chake kimelimwa. Hata hivyo bata wa porini wapo. Wanaishi ndani ya mashamba ya watu, kati ya nduma na majani ya nepia, karibu na mahali ambapo kina mama wanafua na ng'ombe wanakunywa. Hakuna lango wala askari. Anayewaweka au kuwafukuza ni mwenye shamba, na mara nyingi mwenye shamba hajui kwamba anao.

Wa kuzungumziwa kwanza ni bata mweusi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Anas sparsa. Huyu si bata wa ziwani. Makao yake ni mito ya milimani, yenye maji yanayokwenda kasi juu ya mawe na miti inayoinamia maji. Gucha katika sehemu zake za juu ni mto wa namna hiyo. Unaanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, unavuka Kisii na kupita Ogembo, kisha unaingia Migori, ambako watu wanauita Kuja, na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Mto Sondu, upande wa kaskazini wa Nyamira, nao unafaa kutazamwa, pamoja na vijito vinavyoingia katika mito hii miwili.

Mwili wa bata huyu ni mweusi unaoelekea kahawia. Mgongoni ana madoa meupe, miguu yake ni ya rangi ya chungwa, na bawani ana utepe wa buluu unaoonekana anaporuka. Dume na jike wanafanana. Hula mbegu, majani ya majini na wadudu wachanga wanaojificha chini ya mawe ya mtoni. Mtu anaweza kupita darajani kila siku kwa miaka kumi asimwone, kwa sababu akisikia hatua za watu hujibanza chini ya mizizi iliyoning'inia ukingoni na kutulia kama jiwe.

Jambo kubwa kumhusu ni tabia yake ya kushika mto. Watafiti waliomfuatilia katika Mto Eerste, karibu na Stellenbosch nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1970 walikuta kwamba dume na jike hushikilia kipande chao cha mto na kuwafukuza bata wengine wa aina yao wanaoingia humo. Juu yao kuna wenyewe, na chini yao kuna wenyewe. Ni kama mashamba ya Gusii yenyewe: kila mpaka unajulikana, na hakuna ardhi iliyobaki bila mtu.

Mpiga picha anafaidika na tabia hiyo. Bata aliyeonekana leo kwenye kona fulani ya mto ana nafasi kubwa ya kuonekana hapo hapo wiki ijayo, kwa hiyo hakuna haja ya kumkimbiza. Lakini tabia hiyo hiyo inamweka bata katika hatari. Ukingo wake ukifyekwa, mawe yakafunikwa na tope na miti ikakatwa, hawezi kusogea tu kidogo, kwa sababu pa kusogea pana mwenyewe. Wawili hao hupotea bila kelele. Hakuna mzoga, hakuna habari kwenye redio. Na kama hakuna aliyewahi kuwapiga picha, hakuna hata anayeweza kusema kwamba walikuwapo.

Bata wengine ni rahisi zaidi kuwaona. Katika vinamasi, kama kile cha Sironga huko Nyamira, wa kutafutwa ni bata mwenye mdomo wa manjano na mstari mweusi katikati ya mdomo huo. Vinamasi vya aina hiyo ndiko pia korongo taji anakotaga. Korongo huyo, aliye katika bendera ya Uganda, amewekwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012. Kwenye mabwawa na malisho yaliyo wazi huja bata bukini wa Misri, mkubwa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye duara la kahawia iliyokoza kuzunguka jicho kama mtu aliyekosa usingizi. Jina lake la Kiswahili lina safari ndefu: Bukini ni jina la zamani la Madagaska, na ndege huyu hakutoka huko wala hahitaji Misri, kwani ameenea karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Tena, kwa hesabu ya wataalamu, si bata bukini halisi kama wale wa Ulaya. Ni jamaa wa bata tu aliyekuwa mkubwa.

Kuanzia Oktoba hadi Machi huweza kupita wageni kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wakiwemo bata wenye mdomo mpana kama koleo. Hao hupenda maji mapana yaliyotulia, kwa hiyo ni bora kuwasubiri kwenye mabwawa kuliko mtoni. Na wapo wanaowadanganya wapiga picha wapya: wale bata wakubwa weusi na weupe wenye nyama nyekundu usoni ni wa kufugwa. Asili yao ni Amerika, na kila mmoja ana mwenyewe.

Sasa kuhusu vyombo. Kamera nzuri si chache katika kaunti hizi. Zipo mikononi mwa vijana wanaopiga picha za harusi, mazishi, mahafali na sherehe za shule, na siku za Jumatatu hadi Alhamisi nyingi zimelala kabatini. Lenzi fupi inayouzwa pamoja na kamera haifiki kwa bata. Inayofaa ni lenzi ndefu ya milimita 300 au zaidi, na zile za 70 hadi 300 zilizotumika hupatikana kwa bei isiyomuumiza sana mtu wa studio. Asiye na lenzi ndefu asikate tamaa. Picha ya simu inayoonyesha bata mdogo kama punje, pamoja na mto, mawe na miti yake, ina kazi yake, na itaelezwa hivi punde.

Mwanga wa Gusii una masharti yake. Mchana mwingi mawingu hukusanyika, na alasiri mvua hunyesha. Saa za kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili hivi, wakati bata anakula na watu hawajajaa mtoni. Mabondeni, chini ya miti, wakati huo bado ni giza, kwa hiyo aiso ipandishwe hadi 800 au 1600 bila kuogopa chembechembe. Bata anayeogelea anaweza kushikwa kwa kasi ya 1/250 ya sekunde. Anayeruka anahitaji 1/1000 au zaidi, la sivyo mabawa yatatoka kama moshi. Ndege mweusi juu ya maji yanayong'aa hutoka kama kivuli tupu. Afadhali kumsubiri aingie penye kivuli cha mti kuliko kujaribu kumwokoa baadaye kwenye kompyuta.

Daraja ni mahali pazuri pa kutazamia, ila ni pabaya pa kupigia picha, kwa sababu bata akipigwa kutoka juu huonekana mgongo tu. Picha inayomtendea haki hupigwa na mtu aliyekaa chini, lenzi ikiwa karibu sawa na jicho la ndege. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Mtu afike kabla ya ndege, akae, asisogee. Bata akiacha kula na kuinua shingo, mpiga picha amekaribia mno. Hatua inayofuata si mbele, ni nyuma. Kurusha mawe ili bata aruke na picha ipendeze ni tabia ya kukomeshwa mara moja, hata kama aliyerusha ni mtoto aliyetaka kusaidia. Na katika miezi ya mvua kubwa ukingo wa Gucha huporomoka bila onyo. Hakuna picha inayostahili mtu kusimama juu ya udongo uliopasuka.

Kabla ya haya yote kuna mwenye shamba. Kando ya mito hii ni vigumu kupata mahali ambapo mtu anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuwa ndani ya shamba la mtu. Mgeni mwenye kamera ndefu saa kumi na mbili na nusu asubuhi huzua maswali, na maswali hayo ni ya haki. Je, ametumwa na mamlaka ya mazingira? Je, ni mnunuzi anayepima ardhi kwa siri? Njia ni kupitia nyumbani kwanza, jana yake ikiwezekana, kusalimu kwa "bwakire" au kwa salamu inayofaa saa hiyo, kueleza shughuli, na kuonyesha picha za ndege zilizopigwa kwingine. Wageni kutoka pwani au Nairobi wajue pia kwamba katika Ekegusii "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Mzee aliyeitwa "baba" na kijana asiyejua huwa anacheka, na kicheko hicho wakati mwingine hufungua shamba haraka kuliko barua yoyote.

Hofu ya mwenye shamba ina msingi, na haifai kupuuzwa katika gazeti la serikali ya kaunti. Kanuni za 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 zinataka ukingo wa mto ulindwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Kwenye karatasi mita 6 ni kidogo. Lakini familia yenye robo ekari, yaani takriban mita za mraba 1,012, ikiwa upande wa mita 30 wa shamba lao unagusa mto, mita 6 ni mita za mraba 180. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja kati ya sita ya kila walicho nacho. Mita 30 zingewaachia mahali pa nyumba na choo, basi.

Mikaratusi nayo haikupandwa kando ya mito kwa ujinga. Ni miti inayokua haraka, inayouzwa kama nguzo, mbao na kuni, na imelipa karo za watoto wengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na vinamasi. Agizo lilisikika kote, lakini miti mingi bado imesimama. Mkaratusi hunywa maji mengi, na chini yake majani mengine huota kwa shida, kwa hiyo udongo hubaki wazi na mvua huuchukua. Udongo huo huteremka Gucha. Mawe yanafunikwa, wadudu wanaoishi chini yake wanakufa, na bata mweusi anakosa chakula hata kama miti ya kujificha ipo. Kinachobaki huendelea hadi Nyatike, kule Migori, ambako mto ukivunja kingo zake watu huhama nyumba zao.

Kwa sababu hiyo picha ya bata ni zaidi ya pambo la ukutani. Bata mweusi na vifaranga wake juu ya mawe safi ni dalili kwamba kipande hicho cha mto bado kina maji yanayopita, chakula chini ya mawe na ukingo wenye majani. Picha moja haithibitishi mengi. Picha kumi na mbili za kona moja, moja kila mwezi, zilizopigwa kutoka mahali pale pale, zinaanza kusema. Na hapo ndipo ile picha ya simu inaposhinda picha ya karibu yenye jicho la ndege linalong'aa: inaonyesha rangi ya maji, urefu wa majani ya ukingoni, mti uliokuwapo Januari na kisiki kilichopo Juni. Mpiga picha mwenye busara hupiga zote mbili.

Ila picha bila tarehe na mahali ni pambo kweli. Kamera nyingi za studio zina saa isiyo sahihi, kwa sababu betri ilitolewa siku moja na hakuna aliyejali kurekebisha. Picha ya harusi haihitaji tarehe, maana bwana na bibi arusi wanaikumbuka. Bata hakumbuki. Kwa hiyo saa ya kamera irekebishwe kwanza, na kwenye daftari iandikwe siku, saa, jina la mto, daraja au kivuko kilicho karibu, idadi ya ndege, na hali ya maji: safi, ya kahawia, yenye povu. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Itumwe kama faili, au ihifadhiwe kwenye kompyuta jinsi ilivyotoka kwenye kamera.

Kumbukumbu za namna hiyo zina mahali pa kwenda. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na wadau wengine, yamekuwa yakiendesha hesabu ya ndege wa majini tangu 1991, hasa kila Januari, lakini nguvu kubwa imekwenda kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kule kwenye heroe. Upo pia mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi yote katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kupokea orodha za ndege kutoka kwa wananchi. Kijana wa Nyamache au Keroka anayeweza kumtofautisha bata mweusi na bata mwenye mdomo wa manjano ana jambo la kuwaambia watu hao.

Viota ni suala lingine. Bata mweusi hutaga ardhini, karibu na maji, ndani ya majani marefu au takataka zilizoletwa na mafuriko. Picha ya kiota iliyowekwa kwenye Facebook ikiwa na jina la kijiji ni mwaliko kwa kila mwenye manati na kila anayetaka mayai. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda ndege hawa bila kibali, lakini sheria haikai mtoni saa kumi na moja jioni. Afadhali kiota kisipigwe picha kabisa. Mahali pa ndege paandikwe kwenye daftari na kupewa watafiti. Mitandaoni jina la mto linatosha. Anayefikiria kutumia droni ajue kwamba kuna kanuni za usafiri wa anga za 2020 zinazohitaji kibali, na kwamba bata akiona kitu kinachovuma juu yake huona mwewe.

Na picha isigeuzwe mtego wa jirani. Mama aliyemfungulia mpiga picha njia, akampa na chai, hastahili kuona ukingo wake gazetini chini ya kichwa kinachomtaja kama mharibifu wa mto. Watu, nyumba na mipaka ya mashamba ibaki nje ya picha isipokuwa wenyewe wamekubali. Ikiwa ukingo wake umelimwa hadi majini, yeye ndiye wa kwanza kuonyeshwa picha, akiwa ameketi, pamoja na picha ya kona ya jirani ambako majani yaliachwa na bata wapo. Baadhi wataacha mita mbili, tatu, kisha sita. Wengine watauliza nani atawalipa nguzo walizopoteza, na swali hilo linapaswa kufikishwa kwa afisa wa mazingira wa wadi jinsi lilivyoulizwa, bila kulainishwa. Wapo pia wanaolalamika kwamba bata bukini wanakula miche ya mahindi karibu na bwawa. Hilo nalo ni kweli, na liandikwe kwenye daftari lile lile.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, achague kona moja tu ya mto iliyo umbali wa kutembea kutoka nyumbani, yenye mawe, kivuli na mwenye shamba anayemfahamu. Aende kwanza bila kamera, asubuhi mbili au tatu, akae nusu saa na kutazama maji yanayotokea kwenye pinda la juu. Bata mweusi huogelea akiwa chini sana majini, na mara nyingi jicho huona kwanza mkia wa mawimbi nyuma yake kabla ya kumwona mwenyewe. Asimpige picha ya kwanza anapotokea. Aache apite, aone anakwenda kula wapi, kisha siku ya pili akae hapo.